Mswagaji kwenye Kochi

Chapwa, Tunduma
21 Septemba 2014

Kwako braza Clement,

Pokea salamu, na usikunje uso ukiona mwandiko. Ni uleule uliowahi kusema unafanana na kuku aliyekanyaga wino. Sisi huku hatujambo kwa kiasi cha watu wa Tunduma: vumbi tunalo, malori yanatupigia honi mchana kutwa, na mpaka haujahama. Wewe je, hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wanaendelea na kile Kiingereza chao cha kuombea maji? Na kitambi nacho hakijambo? Mara ya mwisho kilishuka kwenye gari kabla yako. Mimi afya yangu inatisha. Hapa kijiweni kwetu cha bodaboda hakuna anayeniweza kwa mwendo, kwa maneno wala kwa sura, na hilo la sura hata wadada wa Nakonde watanishuhudia.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua zama hizi za simu. Nimekupigia, braza. Ukipokea unasema uko kikaoni, unakata. Hicho kikao kimeanza tangu Pasaka, sijui mnajadili kuumba dunia nyingine. Barua haikatwi katikati. Nimeiandika mwenyewe, mimi niliyeishia kidato cha pili, na nimempa Damiano dereva wa lori akufikishie mkononi. Nimemwambia asiondoke hapo ofisini kwako mpaka akuone umeifungua, na Damiano ana mwili wa kutosha kuziba mlango.

Neno lenyewe ni moja. Dada Marita amevuka mpaka kutoka Nakonde juzi kuja kutusalimu, akaniambia kwamba umempigia (kumbe kikao huwa kina mapumziko) ukamwarifu kuwa Desemba unakuja kumchukua Baba, ukakae naye Dar, ghorofani kwako, apumzike. Braza, nakuomba usimchukue. Hiyo ndiyo shida ya barua hii yote. Yanayofuata ni sababu zake, na ukiona nimekukwaruza, vumilia. Mimi nimekwaruzwa kabla yako.

Wewe uliondoka mapema kwenda shule ya bweni, kwa hiyo Baba unayemjua ni wa likizo, aliyeoga, aliyevaa shati la kanisani. Mimi nilibaki na Baba wa siku za kazi. Alikuwa akishuka bondeni Msangano, anakabidhiwa ng'ombe wa huyu na wa yule, anawaswaga kwa miguu kuwapandisha mpaka mnadani huku juu, yeye na fimbo yake na kijiti cha mswaki mdomoni. Kijiti kile ndicho kilikuwa sigara yake na bigijii yake. Anatafuna huku anatembea, anatembea huku anatafuna. Ukimkuta amekitema, ujue amelala. Mzee mzima na mvi zake, lakini mfupa aliuvunja kwa meno, akafyonza uboho mbele yako na wewe ukabaki na mchuzi.

Na kichwa sasa. Baba hakujua kuandika hata herufi, ila wakifika mnadani alisimama mbele ya wenye mali akawataja ng'ombe mmoja mmoja. Huyu mwekundu mwenye baka ni wa fulani. Huyu aliyekatika sikio ni wa mjane fulani. Aliyekufa au kupotea naye alitajwa, tena kwa sauti ileile bila kujikosha: amebaki njiani, mahali fulani. Hakuna aliyembishia. Na alikuwa na kautaratibu kake kamoja. Safari haikosi ng'ombe mkorofi, anayeingia mashamba ya watu, anayegeuka nyuma wenzake wakienda mbele. Huyo Baba alimfunga kamba, akaingia naye mnadani amemshika kwa mkono wake. Na huyo hakumtaja. Ukimwuliza anasema, wa nini kumtaja aliye mkononi, kwani wenye macho hawamwoni? Wewe ulikuwa unalijua hilo? Sidhani. Kwenye ripoti za shule halikuwamo.

Malori yalipoanza kubeba ng'ombe, Baba akaacha kuswaga, lakini miguu haikukubali kustaafu. Kila asubuhi alichukua fimbo na kijiti, anatoka hapa Chapwa mpaka Mpemba kwa Mzee Ishaka, yule Mrangi wa buchani ambaye maisha yake yote alinunua ng'ombe wa Baba. Wanakunywa chai ya tangawizi, wanabishania dume fulani aliyechinjwa mimi sijazaliwa, kama alikuwa na nundu kubwa au alikuwa na maringo tu. Wakishatukanana vya kutosha, Baba anarudi nyumbani, njia nzima anasalimiana na watu. Alikuwa anamjua kila mtu kwenye barabara ile, na ukoo wake, na nani alimdhulumu nani.

Halafu ukaja wewe. Ile Krismasi ya gari jeupe, wewe na bosi wako mkielekea ng'ambo kikazi. Bosi ulimwacha gesti, ukafika nyumbani jioni peke yako, ukakunja nne, ukasema umesikia kuwa Baba anazurura barabara kuu kati ya malori. Ulisema atagongwa. Ulisema watu watadhani hana watoto. Maneno yako nayakumbuka yalivyo: "Mzee mwenye mtoto mhasibu hawezi kutembea kama machinga."

Kesho yake likashushwa kochi, rangi ya maziwa, plastiki haijatolewa. Ikaja televisheni. Zikaja kreti za soda na maboksi ya biskuti za krimu, ukaagiza Baba asikose kwa sababu amefanya kazi sana katika maisha yake. Ukavikuta vijiti vyake kwenye kopo, ukavitupa jalalani, ukasema huo ni ushamba, ukampa mswaki wa dukani na dawa ya kijani. Baba hakubisha. Sisi wote tulijua kwa nini hakubisha: kwetu neno la kifungua mimba aliyesoma ni kama neno la mchungaji, hata likiwa bovu linaitikiwa amina. Hivyo ndivyo tulivyojua. Nitarudi hapo.

Na mimi nisijitoe. Niliringa, braza. Hapa kwetu mzee akikaa kochini barazani, plastiki inang'aa, mtaa mzima unajua huyo hakuzaa mawe. Nilikuwa nawapitisha abiria wangu mbele ya nyumba makusudi, hata anayekwenda upande mwingine. Mama mmoja aliniuliza kama napajua anakokwenda au nafanya utalii. Tulifanya kosa la watu wa mpakani, tuliozoea kumwona maskini akitembea na tajiri akiwa amekaa; tukadhani heshima ya mzee ni kumkalisha.

Basi akakaa. Soda asubuhi, soda mchana, biskuti katikati. Ule mswaki wako aliuweka kwenye kikombe akawa anautazama kama mgeni ambaye hajajitambulisha. Fizi zikaanza kuvimba. Zikawa zinatoa damu, asubuhi unaikuta kwenye foronya. Halafu harufu. Nisikupambie, unaijua harufu ya ngozi mbichi iliyosahaulika juani. Mzee Ishaka alikuwa anakuja kwa bajaji kumwona. Mwanzo alikaa naye kochini, baadaye akavuta kigoda, baadaye akawa anakaa huku mwisho wa baraza akilalamikia magoti, na baadaye magoti yakazidi asiweze kuja. Hakuna mtu mwenye adabu anayemwambia mzee mwenzake mdomo wako unanuka. Watu wanaacha tu kuja. Hata mimi nilikuwa namwekea chakula, najifanya nimesikia simu. Baba akabaki na televisheni, na televisheni huwa haisubiri jibu.

Baada ya midomo kunyamaza, kichwa kikafuata. Akaanza kuuliza kama ng'ombe wameshanywa maji. Akaloweka ndala kwenye beseni la chai. Akapotea akienda choo cha uani, ndani ya uzio wetu wenyewe, mtu aliyekuwa akitoka Msangano gizani bila tochi. Halafu siku moja nikamletea ugali na matembele, akanitazama vizuri, akasema, asante Clement. Nikamwambia Baba, ni mimi, Boazi. Akafikiri, akauliza, Boazi ndiye nani? Nilicheka. Unanijua, mimi nacheka kila kitu. Kisha nikaenda kuosha pikipiki ambayo haikuwa chafu.

Tangu siku hiyo mimi ni Clement. Namwogesha, anasema Clement ana mikono mizuri. Nampeleka kanisani, anawaambia watu mtoto wangu Clement amekuja kutoka Dar. Jirani wanaangalia pembeni. Mwanzo nilibisha, akawa anapandwa na hofu, anashika mkono wa kochi kama vile kuna mafuriko. Nikaacha kubisha. Nikakupigia simu nikueleze, ukasema ni uzee tu huo, ukatuma vidonge vya vitamini na chupa kubwa ya dawa ya bluu ya kusukutulia. Ya kwanza aliimeza, akasema soda ya siku hizi imekuwa kali.

Mwezi wa tano ikaja kambi ya madaktari wa meno. Foleni ilizunguka uwanja mzima. Mimi nikamwambia kijana wa kugawa namba kwamba Baba ni mwanzilishi wa mji huu na asipowahi atawalaani wote, tukapita. Nakwambia mdogo wako ni hatari. Daktari alikuwa binti mmoja mdogo wa mwili, Daktari Bushra, mwenyeji wa Tanga, ushungi wake mweupe kama maziwa. Nilidhani atarudi nyuma Baba akifungua mdomo. Hakurudi. Alisogea karibu zaidi, akamwita babu, akamwomba radhi kila alipogusa. Braza, nilitaka kumwoa hapohapo, ila nilikuwa nanuka petroli.

Aling'oa yaliyokuwa ya kung'oa, akakwangua yaliyobaki, muda wote huo akiniuliza maswali. Babu anakula nini? Alikuwa anafanya kazi gani? Anatembea? Nilipomweleza habari ya Msangano na fimbo, kisha habari ya kochi, akaacha chuma chake hewani kidogo. Ndipo akanieleza, nami nakueleza kwa lugha ya kijiweni. Mdomo wa mtu ni mji, una wakazi wadogo wasioonekana kwa macho, wema na wabaya. Fizi zikioza, wale wabaya hupata njia za panya, kama za sukari hapa mpakani, wanaingia kwenye damu bila kukaguliwa na wanaweza kufika mbali. Wako wataalamu wanaoshuku kwamba hufika mpaka kichwani. Wema nao wana kazi yao. Mtu akila mboga za majani, wao ndio wanaosaidia kuifanya mishipa ilegee damu ipite vizuri. Na miguu ikitembea, damu hiyo inapanda kichwani kukilisha. Kwa hiyo mdomo, miguu na kichwa ni ndugu, alisema, ukimfunga mmoja na wengine wanaumwa. Ile dawa yako ya bluu aliinusa, akasema inafaa kwa siku chache daktari akiagiza, ila mzee asiifanye kinywaji cha kila siku, maana ikifika mjini haichagui, inaua wakorofi na raia wema pamoja.

Nikamwuliza kama sasa kichwa kitarudi. Nilimwuliza mara nyingi, kwa kumzungusha, kama navyowafanyia abiria wabishi. Akaniambia mambo hayo bado yanachunguzwa, na yeye si mtu wa kuuza matumaini. Kisha akanitazama. "Siwezi kukuahidi kichwa chake, kaka. Ninachokupa ni kazi." Kazi yenyewe: kusafisha kinywa asubuhi na jioni, soda na biskuti zikome, mboga zirudi, na mzee atembee.

Kutembea, braza. Kazi hiyo napewa mimi, ambaye hata chooni ningekwenda na pikipiki kama mlango ungeruhusu.

Asubuhi ya kwanza tulifika ukingoni mwa barabara, Baba akaganda. Nilimshika mkono, akaunyakua. Nilimbembeleza, akanipa mgongo. Alikuwa anaitazama ile lami kama mtu anayetazama mto uliojaa. Nikakasirika, nikasema basi, nikatangulia zangu kurudi nyumbani. Nikasikia mluzi. Halafu fimbo ikanipata kwenye shavu la mguu, si ya kuumiza, ya kunielekeza. Nikageuka: Baba anatembea. Mswagaji hatembei bure, lazima mbele yake kuwe na kitu cha kuswaga.

Tangu siku hiyo mdogo wako ni ng'ombe. Kila asubuhi natangulia, Baba nyuma ananipigia mluzi, nikisimama kusalimia mrembo napata fimbo. Kijiweni kwetu wenzangu wanalia kama ndama nikipita. Wananiuliza nina kilo ngapi, wananishika nyonga kama wachuuzi wa mnadani. Nawajibu kwamba afadhali mimi nina mwenyewe, wao hata kwa mkopo hakuna ambaye angewachukua. Nawajibu hivyo, braza, na wanacheka, na mimi nacheka. Lakini kuna asubuhi nyingine jibu halitoki. Unafikiria kwamba una mtu wa damu yako Dar mwenye kiti kinachozunguka, na wewe uko hapa unaswagwa mbele ya watoto wa shule, na anayekuswaga anadhani wewe ndiye huyo wa kiti kinachozunguka.

Siku nyingine alisimama porini kando ya njia, akanusa, akaingia kwenye kichaka kama mtu anayeingia chumbani kwake, akavunja kijiti. Ni ule mti wake. Akatia mdomoni akaanza kutafuna kwa upande wenye meno. Mti ameukumbuka. Nilikaa pale chini nikauangalia ule mti. Sijawahi kumwonea wivu mti maishani mwangu.

Nisikudanganye, yapo yaliyorudi. Choo anakijua. Ndala anavaa. Nyimbo za tenzi anaimba beti zote, na anawasahihisha wanakwaya. Damu kwenye foronya imekoma, harufu imekwisha. Mzee Ishaka magoti yake yalipona ghafla, akarudi, safari hii akakaa palepale karibu, akatoa machozi akayasingizia vumbi. Siku hizi anatupokea njiani, wanatembea pamoja wakibishania lile dume. Jina langu tu ndilo halikurudi.

Sasa ndiyo nafika pale nilipokuahidi. Kama umesimama, kaa.

Jumamosi iliyopita tulifika Mpemba, kwenye kile kiwanja kilichokuwa kituo cha ng'ombe, ambapo sasa yanalazwa malori. Baba akasimama. Akanikamata kwenye kiwiko cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akanyoosha mgongo, akainua fimbo. Mzee Ishaka akanong'ona kwamba anataka kuwataja. Tukadhani atawataja ng'ombe. Akatutaja sisi.

"Mama yao. Amebaki njiani, Chapwa, nilimzika mwenyewe," alisema. "Marita. Yuko Nakonde, mzima, ana ndama zake." Akatafuna kijiti kidogo. "Clement. Amebaki njiani, hapa Mpemba, mteremkoni. Aliniona, akapita."

Kisha akatema nyuzi za kijiti, akashusha fimbo. Ilikuwa imekwisha.

Mimi nilidhani ni kichwa kinachanganya. Mzee Ishaka ndiye aliyeangalia chini. Nilimbana, akakataa, nikambana tena, akaniambia alikuwa ameapishwa na Baba asiseme, ila sasa mwenyewe amesema. Ile siku ya gari jeupe, braza, walikuwa wawili pale mteremkoni wakitoka kwenye chai. Baba alilitambua gari kwa kukuona wewe umekaa mbele. Akafurahi, akakunyanyulia fimbo. Gari likapunguza mwendo. Kioo chako kikashuka kiasi cha kiganja, ukamwona Baba mwenye vumbi mpaka magotini na kijiti mdomoni. Bosi wako akakuuliza kitu. Kioo kikapanda, gari likaondoka. Baba alibaki na fimbo juu, kisha akaishusha taratibu akajifanya anajikuna mgongo. Akamwambia Ishaka, mtoto ana haraka. Wakatembea wote, na njia nzima hawakubishania ng'ombe yeyote.

Jioni ileile ukaja ukakunja nne ukasema *umesikia* anazurura.

Tulidhani alikubali kochi kwa sababu umesoma. Si hivyo. Mtu aliyewashinda simba wa bondeni hawezi kushindwa na kochi. Alikaa ili asionekane tena barabarani akakuaibisha. Alijifungia mwenyewe kwa ajili yako, na meno yakaoza humo, na kichwa kikaoza humo, na jina langu likaozea humo pia. Miaka yote hii ananiita Clement kwa mapenzi, kumbe mahali fulani ndani kabisa, ambako hata ugonjwa haujafika, anajua kwamba Clement hayupo.

Nikamwuliza Mzee Ishaka: na mimi je? Nimemwogesha, nimekuwa ng'ombe wake, mbona mimi hakunitaja hata kwa kubaki njiani? Mzee Ishaka aliutazama mkono wangu. Baba alikuwa bado ameushika.

Sijui, braza. Nimelala nalo siku zote hizi. Labda ni vile alivyokuwa akimfanyia mkorofi wa kamba. Labda amenisahau moja kwa moja, alishika tu kitu cha kuegemea, na Mzee Ishaka ni mtu mwenye huruma. Usiniandikie maoni yako juu ya hilo. Hilo ni langu, liache lilivyo.

Kwako nasema hili. Ukimpeleka Dar utamkalisha tena. Huko kwako hakuna barabara atakayoijua, wala mti wake, wala Ishaka, wala ng'ombe wa kumtangulia. Mtumishi wako hatakubali kuchapwa fimbo kwenye ngazi za ghorofa. Atakaa akitazama ukuta, na ukuta utashinda. Kwa hiyo usije kumchukua. Ukitaka kuja kama mtoto, njoo. Soda acheni hukohuko. Gari liache Mpemba pale mteremkoni, uvue viatu vyako vya kung'aa kama vinakubana, upande kwa miguu mpaka Chapwa, utukute njiani asubuhi. Ng'ombe aliyebaki njiani akijirudi kwa miguu yake, Baba hakuwa akimchapa. Alimtaja upya. Nilimwona kwa macho yangu akifanya hivyo, mara chache. Lakini kwenye gari la vioo vyeusi hatakuona, na wewe tunajua kuona siyo shida yako.

Sidhani utakuja hivyo. Nakujua. Ila nimeandika ili siku Baba akiniachia mkono usije ukaninyooshea kidole mbele ya wafiwa ukasema hukuambiwa.

Nisalimie shemeji, mwambie biskuti zake zilikuwa tamu, panya wamekubali. Wasalimie watoto, waambie wana baba mdogo mzuri wa sura huku mpakani. Mzee Ishaka anakusalimu kwa shingo upande. Baba naye anakusalimu, maana kila asubuhi anamsalimu Clement, na mimi naitikia.

Ni mimi mdogo wako,
Boazi Efraimu Sichone.

Nimeandika jina lote, kwa sababu huku nyumbani silisikii tena.